Kusuuza Mara Sita

Vijana, mkitaka kujua kama maabara ina fundi wa kweli, msikimbilie mashine kubwa zenye taa za kumetameta. Nendeni kwenye sinki. Chukueni mrija mmoja wa kioo uliokwisha kuoshwa, mwagieni maji ndani, mtazame yanavyoteremka. Yakiteremka kama shuka moja bila kuacha tone, hapo kuna mtu anayejua kazi. Yakibaki matone matone, fungeni mlango mwende mkale chakula cha mchana, maana siku hiyo hamtapima kitu cha kuaminika.

Jina langu ni Deogratias. Hapa Troyeville wananiita Papa Déo, na mke wangu akikasirika ananiita Deo tu, bila Papa. Kule Bukavu, Kongo, nilikuwa mwalimu wa kemia. Nilipofika Johannesburg kemia yangu haikumshtua mtu, nikalinda magari ya watu waliokwenda kutazama mbio za farasi Turffontein. Kutoka hapo nikapata kazi ya kuosha vyombo katika maabara ya chuo kikuu kimoja, na kidogo kidogo nikawa fundi wa maabara, mpaka nilipostaafu mwaka 2019. Msinitake niende mwaka baada ya mwaka. Nitawasimulia kama ninavyokumbuka, na ninayokumbuka vizuri zaidi ni mambo niliyoharibu.

Aliyenifundisha kuosha ni Bab' Sithole, mzee wa Kizulu mwenye miwani iliyoungwa kwa plasta. Vioo vyetu vililazwa ndani ya asidi mpaka kesho yake ili kila uchafu uliwe, halafu vikasuuzwa. Siku ya kwanza nilisuuza mara mbili nikavipanga kwenye rafu. Bab' Sithole akavitoa kimoja kimoja, akavirudisha kwenye sinki.

"Awu, mfowethu," akaniambia, yaani ndugu yangu, "asidi ni kama mgeni wa harusi. Ukimuaga mara moja haondoki."

Yeye alisuuza mara sita, na alihesabu kwa sauti kwa lugha yake: kunye, kubili, kuthathu, kune, kuhlanu, isithupha. Mara tano kwa maji ya bomba, ya sita kwa maji yaliyokenekwa. Ulikuwa huruhusiwi kumsemesha mpaka afike sita, hata kama jengo linaungua. Nikauchukua mtindo huohuo, ila mimi nilihesabu kwa Kiswahili cha kwetu: moya, mbili, tatu, ine, tano, sita. Alipostaafu, sinki likawa langu. Nawaambieni bila aibu kwamba nilijivuna. Watu wa maabara nyingine walikuja kuazima mirija yangu, na mimi niliwaazima huku nikijifanya sitaki.

Mwaka 2015 akaja Daktari Nekesa, Mkenya, mwanamke mfupi mwenye hatua ndefu, na akaja na bakteria wake ndani ya boksi la barafu. Bakteria hao wanaishi kwa mwanga kama majani, ila hawatoi oksijeni kama majani. Rangi yao ya kunasia mwanga ni ndugu ya klorofili mnayoijua shuleni, na jina lake ni bakterioklorofili. Nilimuuliza inatengenezwaje. Akachukua kalamu ya ubaoni akachora kwenye mlango wa friji.

"Sasa Mzee, tazama hapa. Bakteria anaanza na kipande kidogo sana. Anaunganisha vipande vinane vya aina hiyo, anapata pete. Hiyo pete iko na nafasi katikati. Akiweka chuma hapo, anaelekea kwa rangi ya damu. Akiweka magnesiamu, anaelekea kwa rangi ya majani. Pete ni ile ile."

"Kwa hiyo damu yangu na sombe ya mke wangu, haya majani ya muhogo, ni ndugu?"

"Ni mabinamu, Mzee. Wewe uko na chuma, sombe iko na magnesiamu."

Nilikuwa nimefundisha kemia miaka mingi na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nilifurahi kama mtoto. Jioni hiyo nilimsumbua mke wangu, Mama Bahati, kwa habari za pete mpaka akaongeza sauti ya redio.

Msije mkadhani kuielewa pete kulinifanya niwaelewe bakteria. Daktari aliwafungia katika chupa zilizojaa hadi shingoni, vifuniko vimekazwa, mbele ya taa. Niliwaonea huruma. Nikaona viumbe hawa watakosa hewa wikiendi nzima. Basi Ijumaa kabla ya kuondoka nikalegeza vifuniko vyote, nikapunguza maji, na kwa wema wangu nikaziweka chupa juu ya mashine ya kutikisa ili hewa iingie vizuri. Jumatatu chupa zilizokuwa na rangi ya divai zilikuwa zimefifia kama chai ya mtu bahili. Kumbe bakteria wale wakipata oksijeni wanapumua kama sisi, na hawaoni sababu ya kujisumbua kutengeneza rangi. Daktari alizitazama chupa, akanitazama mimi.

"Mzee, kwani uliwapeleka likizo?"

Tangu siku hiyo, kila nikimhurumia kiumbe nauliza kwanza.

Kisha kulikuwa na habari ya balbu. Umeme ulikuwa unakatwa kwa zamu mji mzima, na chuo kikaamua kubana matumizi. Watu wa matengenezo walipita wakaondoa balbu za zamani za waya, zile zinazounguza vidole, wakaweka taa mpya za LED. Chumba kikang'aa kama duka la simu, bakteria wakakonda. Macho yetu yaliona mwanga mwingi, lakini bakterioklorofili hupenda zaidi ule mwanga ulio ng'ambo ya wekundu, ambao jicho la mtu halioni. Balbu ya zamani huutoa kwa wingi pamoja na joto lake, na taa mpya karibu haina kabisa. Nilizunguka maduka ya Joubert Park siku mbili nikitafuta balbu ambazo hakuna tena aliyezitaka. Mwenye spaza mmoja, hivi vijiduka vya mtaani, akaniuliza kama ninafuga vifaranga. Nikamwambia ndiyo, ila wangu ni wadogo sana. Akanipa zote alizokuwa nazo chini ya kaunta, na bakteria wakanenepa.

Sasa nije kwa Merveille, maana yeye ndiye sababu ya mimi kuandika haya yote.

Merveille alikuwa mwanafunzi wa Daktari Nekesa, anasomea shahada ya uzamili. Mama yake ni msusi wa Joubert Park aliyetoka Lubumbashi, lakini binti mwenyewe alizaliwa hapa hapa. Kiswahili alikielewa chote, hata matusi, ila hakikutoka mdomoni mwake. Ukimsemesha kwa Kiswahili alikujibu kwa Kiingereza, na akiudhika kwa Kizulu. Nilipohesabu kwenye sinki alikuwa akinicheka. "Papa Déo, kwani mirija inasikia Kiswahili?" Hayo aliyasema kwa Kiingereza. Maneno yake nawaandikia kwa Kiswahili ili tusichoshane.

Kazi yake ilikuwa kutafuta bakteria wenye kasoro. Aliwapiga mwanga mkali wa urujuanimno, ule wa jua unaounguza ngozi, ili baadhi yao waharibike, akawakuza kila mmoja peke yake, akawapa namba, kisha akawakamua rangi aone ni yupi aliyekwama na amekwama wapi katika kuitengeneza ile pete. Ukijua kila mmoja amekwama hatua gani, unaijua njia nzima.

Kukamua rangi hufanywa gizani. Rangi ikishatoka ndani ya bakteria mwanga huiharibu upesi, kwa hiyo tulifunga mapazia, tukawasha kitaa kimoja hafifu cha kijani, tukafanya kazi kama wezi. Bakteria ndani ya mrija, asetoni na methanoli ya baridi juu yake, karatasi ya alumini kuzunguka, mashine ya kuzungusha, kisha unachukua maji ya juu unayapima. Mashine ya kupima mwanga huchora vilima, na kilele kirefu cha bakterioklorofili iliyo nzima husimama karibu na namba 770. Magnesiamu ikitoka katikati ya pete, kilele hicho kinarudi nyuma hadi karibu na 750, na ile buluu ya kijani inageuka waridi iliyochakaa. Shikeni hizo namba mbili, zitatosha.

Siku Merveille alipompima bakteria namba kumi na saba, kilele kilisimama 750. Akarudia kwa mirija mingine mitatu, kikasimama palepale. Alitoka gizani akiruka.

"Eish, Papa Déo! Hana magnesiamu! Anatengeneza pete mpaka mwisho na haweki magnesiamu!"

Akanikumbatia na glavu zake zinazonuka asetoni. Daktari Nekesa alivuta kiti akakaa, jambo ambalo si kawaida yake. Alisema hajawahi kuliona hilo kwa bakteria hawa, na huenda kuna njia ambayo hakuna aliyeiandika bado. Wakapanga Merveille asimame Jumatano mbele ya idara nzima, maprofesa wote, aeleze alichokipata. Jumamosi mama yake alimsuka kuanzia asubuhi hadi jioni. Jumapili alisimama kanisani akaomba binti yake aombewe, na kanisa zima likanyoosha mikono kuelekea kwa Merveille. Mimi na Mama Bahati tulikuwepo, na mkono wangu ulinyooka kuliko yote.

Jumatatu jioni nilikuwa jikoni namsaidia mke wangu. Alikuwa anachemsha lenga-lenga, ule mchicha wetu, na akaniambia nikate ndimu. Nikaikata, nikaikamulia sufuriani, nikafunika. Tulipofunua baadaye, mboga zilizokuwa kijani kibichi zilikuwa na rangi ya kaki.

"Deo! Nani alitia ndimu mu sufuria?"

"Ni miye. Si ulisema ndimu?"

"Ndimu ya mu sahani! Ya wakati ya kula! Ona sasa, mboga iko sawa vile ng'ombe ilishaitafuna."

Nilicheka. Nikachukua kijiko nionje, na hapo kicheko kikanikauka. Daktari alikuwa amenieleza jambo hilo zamani: asidi ya ndimu inaingia kwenye jani, inaitoa magnesiamu kwenye pete, na kijani kinakufa. Asidi ndiyo inayoitoa magnesiamu. Na mirija ya Merveille ilikuwa imelala ndani ya nini?

Mtasema, si ilisuuzwa mara sita? Hapo ndipo penye aibu yangu. Mwaka ule mvua ziligoma, na jiji likatuambia sote tubane maji. Matangazo yalibandikwa kila korido. Mimi nimebeba madumu ya maji kwenye vilima vya Bukavu tangu utoto wangu, na kuona maji yakienda bure kunaniuma. Nikapunguza. Badala ya mara sita nikasuuza mara mbili, haraka haraka, na nikajisifu moyoni kwamba mikono yangu ni mizuri kiasi kwamba mbili zangu ni sita za mwingine. Sikumwambia mtu, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu mirija ya Papa Déo ilikuwa haiulizwi. Bakteria wa kawaida, wale wa kulinganishia, pamoja na namba zilizotangulia, Merveille alikuwa amewapima kabla ya hapo, kwa mirija ya mara sita.

Sikula. Mama Bahati alidhani nimenunia mboga. Nilipomweleza, aliweka mwiko chini.

"Utamwambia?"

"Pengine haiko vile ninawaza."

"Deo. Utamwambia?"

Ninyi vijana nawaambia ukweli: nilifikiria kunyamaza. Ningeanza tu kusuuza mara sita tena, namba kumi na saba angepona mwenyewe, na wangemlaumu bakteria. Hakuna ambaye angejua. Nililifikiria hilo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Lakini kila mara niliiona ile mikono ya kanisa imenyooshwa, na msichana yule anasimama Jumatano mbele ya maprofesa na jina lake juu ya kitu kisichokuwepo. Wakija kugundua wengine, na wangegundua, lingekuwa jina lake linalofutika, na si langu.

Jumanne nilifika kabla ya watu. Nikachukua mrija kutoka kwenye rafu, nikatia matone machache ya maji safi, nikachovya karatasi ya litmasi. Ikawa nyekundu, yaani asidi bado imo. Mrija wa pili, nyekundu. Nilikuwa nimewaonyesha watoto wa shule karatasi hiyo ikigeuka nyekundu mara nyingi mno, na haikuwahi kuniuma. Kisha nikawasha kitaa cha kijani, nikawakamua bakteria wa kawaida kabisa, wazima, kwenye mirija miwili: mmoja wa rafuni, mwingine niliousuuza mara sita pale pale, nikihesabu kwa sauti peke yangu. Wa rafuni ukasimama 750. Wa mara sita ukasimama 770.

Merveille aliingia na nywele zake mpya.

"Merveille, kaa kidogo."

"Sikai, Papa Déo, nina slaidi za kumaliza."

"Namba kumi na saba ni mzima, mwanangu. Mgonjwa ni mirija yangu."

Nikamweleza habari ya ndimu, nikamwonyesha karatasi, nikamwonyesha vilele viwili. Alivifuata vyote viwili kwa kidole. Kizulu kikamtoka, kingi, na sikukielewa chote, na ilikuwa heri. Kisha akakaa chini sakafuni.

"Mama ameliambia kanisa zima," akasema.

Nilikaa sakafuni karibu naye. Nilimwomba msamaha mara moja tu, maana ukiomba sana mtu uliyemuumiza anaanza kukubembeleza wewe. Niliumia sana, wala sioni haya kusema.

Daktari Nekesa alipokuja alisoma karatasi zote akiwa amesimama.

"Mzee, ulikuwa unasuuza mara ngapi?"

"Mbili."

"Na mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa naokoa maji. Hapana, Daktari. Nilikuwa najivuna."

Akamgeukia Merveille. "Na wewe, mbona hukuwapima wale wa kawaida siku ile ile, kwa mirija ile ile?" Merveille akatazama viatu vyake. Daktari akavua miwani. "Na mimi niliona hilo, nikanyamaza, kwa sababu nilitaka iwe kweli. Haya basi, tuko ndani wote watatu."

"Nifute ya kesho?" Merveille akauliza.

"Wacha! Kesho utasimama. Utawaambia vile huu ugunduzi ulikufa."

Na alisimama. Alipanga mirija miwili mbele ya taa, mmoja buluu ya kijani, mwingine waridi iliyochakaa, akawaeleza jinsi alivyofurahi, na jinsi alivyokosea, hatua kwa hatua, bila kujificha nyuma yangu. Profesa mmoja mwenye sura ya kununa akauliza ni nani aliyeligundua kosa. Merveille akanyoosha kidole mpaka nyuma ya ukumbi nilikokuwa nimejibanza.

"Papa Déo," akasema. "Yeye na ndimu."

Watu walicheka mpaka yule aliyenuna. Jumapili iliyofuata mama yake akasimama tena kanisani, akatangaza kwamba kile tulichokiombea kilikuwa cha uongo, na Mungu amekiondoa mapema kabla hakijatuaibisha. Kanisa likapiga makofi. Mama Bahati akanisukuma ubavuni kwa kiwiko, nami nikapiga makofi pia.

Merveille hakunisamehe siku hiyo hiyo, msidhani. Wiki tatu nzima alikuja kwenye sinki kuosha mirija yake mwenyewe, bega kwa bega nami, bila neno. Mimi nilihesabu kwa Kiswahili, yeye kwa Kiingereza chini ya pumzi, na nilisikia kwamba ananichunga nisiruke. Wiki ya nne alinigusa akaniambia, "Sharp, Papa Déo, umefika sita," na nikajua yamekwisha. Maji tulikuja kuyaokoa kwa njia nyingine: Daktari alituruhusu kuacha asidi kwa mirija ya rangi na kutumia sabuni maalumu, na maji ya kusuuzia mara za mwisho tukayakinga kwenye ndoo kwa ajili ya kusafisha sakafu. Namba kumi na saba alikuwa bakteria wa kawaida kabisa, tena mvivu kidogo. Baadaye sana Merveille akampata mwingine, aliyeng'aa wekundu chini ya taa ya urujuanimno, kwa sababu alikuwa anarundika pete zisizo na kitu katikati. Huyo alikuwa amekwama kweli penye magnesiamu. Merveille alimpima kila siku pamoja na wa kawaida, kwa mirija ile ile, mpaka mimi mwenyewe nikachoka. Kwa huyo akapata shahada yake, akabaki hapohapo kusomea ya juu zaidi.

Siku yangu ya mwisho mwaka 2019 walinipa keki na saa ya ukutani. Hotuba zilipokuwa zinaendelea nilichomoka niende kuliaga sinki. Kabla sijafika mlangoni nikasikia maji. Merveille alikuwa pale na mwanafunzi mpya, kijana aliyewasili wiki hiyo kutoka Limpopo, anamfundisha kuosha. Kijana akafungua mdomo kumuuliza jambo. Merveille akainua kidole kumzuia.

"Moya," akasema, na kumwaga. "Mbili. Tatu."

Ilikuwa sauti ya mtu aliyezaliwa Johannesburg, lakini lafudhi ilikuwa yangu, ya Bukavu.

"Ine."

Sikuingia. Nilisimama koridoni na saa yangu kwapani, nimejiziba mdomo kwa mkono, mpaka alipofika sita.